Je, wajua kwa nini "siku ya saba" inaitwa Jumamosi?

Siku moja nilibishana na jirani yangu Msabato hapo kwa ngazi za ploti, nikamwambia kwa kujiamini kabisa: mzee, Juma-mosi, mosi ni moja, sasa hiyo siku ya saba mnaitoa wapi? Akacheka tu, akaniuliza, "Na Alhamisi je?" Sikuelewa. Kumbe nilikuwa nimejifunga bao mwenyewe.

Majina yetu ya siku hayahesabu wiki ya Biblia, yanahesabu kutoka Ijumaa, siku ya swala kuu ya Waislamu. Ijumaa ikipita, kesho yake ni mosi, halafu pili, tatu, hadi Jumatano. Chukua steji ya Bomas hapa Nairobi, kwa barabara ya kwenda Rongai. Ukipanda tao unaenda Rongai, unapita steji kibao ndio uifikie, lakini ukipanda Rongai unarudi tao, Bomas inakuja mapema. Hakuna mtu ameisogeza Bomas, wewe ndio umeanzia kuhesabu mahali pengine.

Sasa Alhamisi. Hiyo ni Kiarabu, maana yake ya tano, na Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, sawa na Wayahudi. Kwa hivyo wiki yetu ina tano mbili zimefuatana, Jumatano na Alhamisi, na tunaishi nazo bila noma! Na Jumamosi Waarabu huiita sabt, ndugu ya shabbat ya Kiebrania, yaani kuacha kazi.

Hata wanaosali Jumapili hawasemi ndiyo siku ya saba. Luka anasimulia wanawake walipumzika Sabato, halafu alfajiri ya siku ya kwanza ya juma wakaenda kaburini, na huo ufufuo ndio sababu ya ibada ya Jumapili. Wengine husema ni Konstantino, mfalme wa Roma, alibadilisha siku ya ibada, na ni kweli mwaka 321 aliamuru mahakama na watu wa mijini wapumzike siku ya jua, yaani Jumapili (wakulima aliwaacha walime), lakini Yustino Mfiadini, mwandishi Mkristo wa zamani, alishaandika kuhusu Wakristo kukutana siku hiyo karibu mwaka 150. Ila kukutana si lazima iwe kupumzika, hapo Wasabato wana hoja. Waorthodoksi wa Ethiopia wao huheshimu siku zote mbili, mambo kwisha.

Kuhusu maana yenyewe, Kutoka 20 inasema pumzika kwa sababu Mungu alipumzika baada ya kuumba, lakini Kumbukumbu la Torati 5 inasema ni kwa sababu mlikuwa watumwa Misri, kwa hivyo mfanyakazi wako naye apumzike. Hiyo ya pili husikii ikitajwa sana na wenye maboi.

Jirani yangu Ijumaa jua likizama, kama saa kumi na mbili na nusu hivi, huwa ashamaliza kufua na kupika, kwa sababu kwake Sabato ishaanza. Nilitaka kumwambia bado ni Ijumaa, nikakumbuka hata Waswahili wa Pwani siku yao huanza magharibi, nikanyamaza.