Mbolea ya tangi la samaki si lazima iwe ya chupa

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo wanaootesha mimea ndani ya tangi wameaminishwa kwamba mbolea yoyote isiyoandikwa "ya akwariamu" itaua samaki. Hofu hiyo ina chanzo: mbolea nyingi za shambani zina urea au amoniamu, na amonia inayotokana nazo ni sumu kwa samaki, hasa pH ya maji ikiwa juu, yaani maji yakiwa na alkali zaidi. Hizo ziache huko huko shambani.

Lakini nitrati ya potasiamu, chumvi inayoipa mimea nitrojeni na potasiamu, ni ile ile, iwe kwenye chupa ya bei mbaya au kwenye mfuko wa chumvi kavu. Chupa yenyewe, kusema kweli, kwa sehemu kubwa ni maji. Gramu 1 ya chumvi hiyo ikiyeyushwa katika lita 100 huongeza nitrati takriban miligramu 6 kwa lita, kiasi kidogo kwa samaki wengi. Salfati ya potasiamu nayo hutumika, kama chanzo cha potasiamu.

Soma viambato, si picha ya samaki kwenye lebo. Shaba ndiyo ya kuangalia zaidi: mimea huihitaji kidogo mno, na ikizidi, kamba na konokono ndio hutangulia kufa.