Visiwa vijadiliane kabla bendera mpya haijapandishwa

Katika kazi yangu ya sheria za katiba naulizwa mara kwa mara: nchi ikijitoa kwenye dola kubwa, je, visiwa vyake navyo viachiwe vijiamulie? Msimamo wangu ni kwamba visiwa vinastahili kujitawala katika mambo yao ya ndani, ila makubaliano yaandikwe kabla ya siku ya uhuru. Baada ya hapo, wenye visiwa hawana tena cha kushikilia mezani.

Uskoti ndiyo inayotajwa sana. Septemba 2014 wapiga kura wake walikataa uhuru kutoka Uingereza kwa asilimia 55 hivi, lakini katika visiwa vyake vya kaskazini, Orkney walikataa kwa asilimia 67 na Shetland karibu 64. Visiwa hivyo viliingia Uskoti kwa rehani. Mwaka 1468 na 1469 Christian wa Kwanza, mfalme wa Denmark na Norway, aliviweka dhamana ya fedha alizoahidi kutoa binti yake alipoposwa na James wa Tatu, mfalme wa Uskoti, na deni halikulipwa. Wapo wanaosema historia hiyo pekee inatosha kuvitenga. Sikubaliani nao. Hoja yenye uzito ni ya leo: uvuvi, feri, na mafuta yanayopitia Sullom Voe, bandari ya mafuta ya Shetland.

Tena bahari haigawanywi kirahisi hivyo. Mwaka 1977 wasuluhishi waliamua kesi kati ya Uingereza na Ufaransa, na visiwa vya Uingereza vilivyo karibu na pwani ya Ufaransa vikapewa maili 12 za bahari tu upande wa kaskazini na magharibi. Anayedhani Shetland ikibaki na London itaondoka na mafuta yote asome uamuzi ule.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba mabaraza ya Shetland, Orkney na Visiwa vya Magharibi yalianza kampeni ya pamoja mwaka 2013, kabla ya kura. Serikali ya Uskoti huko Edinburgh na ya Uingereza huko London zote zikatoa ahadi, kwa sababu kila upande ulihitaji kura zao. Sheria ya visiwa ya mwaka 2018 ina mizizi yake hapo.

Mfano ninaoupenda ni Åland, visiwa vilivyo kati ya Ufini na Uswidi. Ufini ilipojitangazia uhuru mwaka 1917, watu wa visiwa hivyo, wasemaji wa Kiswidi, walitaka kurudi Uswidi. Mwaka 1921 Shirikisho la Mataifa liliamua wabaki Ufini, lakini kwa masharti: lugha yao ilindwe, na ardhi isinunuliwe ovyo na wageni. Mkataba mwingine ukapiga marufuku ngome za kijeshi. Leo sheria ya kujitawala kwao haibadilishwi mpaka bunge la Ufini na bunge la Åland yakubaliane. Kifungu hicho kimoja kina thamani kuliko hotuba zote za udugu. Ufini ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 1995, Åland waliulizwa kwanza kwa kura yao wenyewe.

Mfano mchungu uko Komoro. Desemba 1974 visiwa vinne vilipiga kura. Kwa jumla zaidi ya asilimia 90 walitaka uhuru, lakini Mayotte walio wengi walikataa. Pande husika hazikuwa zimekubaliana kama kura zihesabiwe kwa pamoja au kisiwa kimoja kimoja. Bunge la Ufaransa lilipodai katiba iidhinishwe kisiwa kwa kisiwa, viongozi wa Moroni walitangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, na Mayotte ikabaki chini ya Ufaransa. Ufaransa ina lawama yake hapo, nami siipunguzi. Tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza kwenda Mayotte, na watu wanazama wakivuka usiku kutoka Nzwani kwa mashua ndogo, safari ya kilomita 70 hivi, kuwafuata ndugu zao.

Kwa hiyo Uskoti ikiitisha kura nyingine, suala la kwanza kujadiliwa, hata kabla ya mafuta, liwe namna kura za visiwa zitakavyohesabiwa na uzito zitakaopewa.