Chupa Tupu, Sufuria na Udongo wa Kichuguu: Michezo ya Mtoto Mdogo Nyumbani

Mzazi akiulizwa mtoto wake mdogo anachezea nini nyumbani, jibu la haraka huwa "hana midoli." Tupa jicho uani kwake, iwe Ujiji, Mwandiga au Kasulu, hapa Kigoma: kuna sufuria tatu na mifuniko minne, mwiko, ndoo, magunzi ya mahindi, chupa za maji zilizooshwa zikisubiri kujazwa mawese. Mtoto amekaa katikati ya vyote hivyo, na kila akinyoosha mkono anaambiwa "acha!"

Vifaa vipo. Kilichobaki ni kuchagua kinachofaa umri wake, kukiandaa kisimdhuru, na mtu mzima kujua yeye afanye nini mtoto anapokishika. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26, inataja fursa za ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe, ulinzi na usalama, pamoja na malezi yenye mwitikio. Mwitikio maana yake mtoto akitoa sauti ujibu, akinyoosha kidole utazame anakoonyesha, akikupa kitu upokee. Kayamba la chupa lenye mtu wa kuitika linamfaa mtoto kuliko gari la betri linalojiendesha lenyewe huku yeye akilitazama tu.

Pima kabla ya kumpa

Mtoto wa chini ya miaka 3 hupeleka karibu kila kitu mdomoni, na njia yake ya hewa ni nyembamba. Wakaguzi wa vifaa vya kuchezea hutumia kikopo chenye upana wa milimita 32 hivi. Kitu kinachoingia chote humo hakimfai mtoto wa umri huo. Nyumbani tumia ule mrija wa boksi unaobaki katikati karatasi ya chooni ikiisha. Upana wake ni sentimita 4 hivi, kwa hiyo unakataa vitu vingi zaidi kuliko kipimo chenyewe, na hapo ukali huo unasaidia. Maharage, gololi, kokwa za mise (mbegu za mchikichi), vyote vinapita. Kinachowashangaza wengi ni kizibo cha plastiki cha chupa ya maji: kina upana wa sentimita 3 hivi, kinapita, na kikiingia kooni kinaweza kuziba hewa. Vizibo vya soda vya bati vina kosa la pili, kingo zake hukata. Betri bapa za saa na rimoti ndizo mbaya kuliko zote. Ikikwama kooni huchoma nyama ya ndani kwa muda wa saa chache, hata kama mtoto anapumua vizuri na halii. Ukishuku amemeza, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna hatari nyingine ambayo hapa kwetu inahitaji maneno zaidi. Petroli ya injini za boti na mafuta ya taa huwekwa katika chupa zile zile za maji, mara nyingi chini ya kitanda au nyuma ya mlango. Mtoto akishazoea kuchezea chupa hawezi kujua ipi ni ya mchezo na ipi ni ya mafuta. Kwa hiyo kabla ya kumtengenezea chupa ya kwanza, hamishia mafuta kwenye dumu lenye kizibo kigumu na uliweke juu, asipofika. Akinywa kwa bahati mbaya usimtapishe wala usimnyweshe maziwa ili atapike, kwa kuwa mafuta yakipanda tena huingia mapafuni. Mkimbize kituo cha afya. Chupa au kopo la dawa ya mashamba halitumiki kabisa, hata likioshwa mara kumi.

Kutengeneza kayamba lisilofunguka

Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Ioshe kwa sabuni, isuuze, kisha iache wazi ikauke kabisa. Unyevu ukibaki, punje huota ukungu ndani, na wala harufu huisikii kwa sababu umeshafunga. Tia punje kavu za mahindi hadi robo ya chupa. Watu hupenda kujaza, wakidhani sauti itaongezeka, kumbe punje zikizidi nusu hukosa nafasi ya kuruka na unachosikia ni mkwaruzo tu.

Kaza kizibo. Kata utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli, upana sentimita 2 na urefu wa sentimita 40 hivi. Anza kuuzungushia shingoni mwa chupa huku ukiuvuta, panda nao mpaka ufunike kizibo chote, kisha rudi chini na uchomeke ncha ndani ya mzunguko wa mwisho. Solatepu haitoshi, mate huilegeza kwa siku moja. Sasa jaribu kukifungua kwa nguvu zako zote. Kikikushinda wewe, kitamshinda naye. Kagua chupa kila asubuhi. Ikionyesha ufa, imwage na utupe, usiibandike.

Kayamba hilo hilo hubadilika kadiri mtoto anavyokua, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Mtoto wa miezi 3 hadi 5 hawezi kulishika, wewe ndiye mpigaji. Mlaze kifudifudi mkekani akiwa macho, tikisa taratibu upande mmoja, sentimita 30 hivi kutoka usoni, kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Mtoto mchanga anahitaji muda huo kugeuza kichwa, na kosa la kawaida ni kuhamishia sauti upande wa pili kabla hajamaliza kuutafuta ule wa kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto ambaye hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi jumla ya angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa vipande vipande. Dakika 5 baada ya kumbadilisha nepi, mara sita kwa siku, zinafikisha hesabu hiyo. Akichoka na kulia, mgeuze. Usingizini alale chali.

Akifika miezi 6 au 7 atalikamata kwa mikono miwili, atagonga sakafu, kisha ataliangusha na kukutazama. Ataliangusha tena. Huo si ukorofi, anachunguza kama linaanguka kila mara na kama wewe unaliokota kila mara. Liokote, ulitaje jina, umrudishie. Ukichoka, lifunge kwa utepe mfupi wa kitambaa usiozidi sentimita 20, aweze kulivuta mwenyewe. Kamba ndefu huweza kumzunguka shingo.

Karibu na miezi 8 anza kulificha chini ya kanga. Mara ya kwanza acha nusu yake ionekane, maana ukificha lote mapema atadhani limekwisha na ataangalia kwingine. "Liko wapi? Liko wapi?" Akivuta kanga, shangilia. Kwa lugha gani? Ile mnayoota nayo nyumbani, iwe Kiha, Kibembe au Kiswahili. Kiswahili cha darasani kitajengwa juu ya hiyo.

Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 3, panga chupa sita zenye mchanga kidogo ili zisimame, vizibo vikiwa vimefungwa kwa utepe ule ule wa tyubu. Azilenge kwa mpira wa soksi iliyojazwa matambara. Umbali wa mita moja unatosha kuanzia. Ukimweka mita tatu atakosa, atakasirika, na mchezo utaishia hapo. Aliyepita miaka 3 mtengenezee makayamba sita, mawili ya mahindi, mawili ya mchele, mawili ya kokoto. Yafunike yote kwa kitambaa asione ndani, kisha atafute jozi zinazolingana kwa kusikiliza tu. Mchezo huu ni mgumu kuliko unavyoonekana. Anza na jozi mbili.

Chupa ya mawese

Mchezo huu ni wa watoto wa miaka 3 na kuendelea, na wakazi wa Kigoma wana bahati nao. Jaza chupa maji hadi nusu, ongeza vijiko vinne vya chakula vya mawese yaliyoyeyuka, funga kwa tyubu kama kayamba. Ikitikiswa, matone ya rangi ya chungwa husambaa, kisha hupanda juu taratibu kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Asubuhi yenye baridi mawese huganda na kushika kwenye plastiki, na mtoto atasema chupa imeharibika. Usimweleze kwanza. Muulize tuiweke wapi ili ifunguke, aijaribu kivulini na juani, arudi baada ya muda kutazama. Doa la mawese kwenye nguo halitoki kirahisi, kwa hiyo asiwe na sare ya shule.

Sufuria na mifuniko

Hapa maneno ni machache. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu mpe sufuria mbili zinazotofautiana wazi na mifuniko yake, atafute upi ni wa ipi. Akiweza, ongeza ya tatu. Acha akosee, mfuniko mdogo ukizama ndani ya sufuria kubwa, sufuria yenyewe imeshamwonyesha, wewe huna haja ya kumnyang'anya na kumwelekeza. Zichezewe zikiwa baridi na mbali na mafiga, mchezo uishe kabla moto haujawashwa. Magunzi ya mahindi na ndoo hufaa kwa kutia na kutoa, ambako watoto wa umri huu huweza kurudia mara ishirini bila kuchoka. Maji nayo wanayapenda, ila beseni lenye maji ya sentimita 5 tu linaweza kumzamisha mtoto. Kaa naye muda wote, na mkimaliza mwaga maji na ulifudikize beseni.

Udongo au unga?

Mapishi ya unga wa kufinyanga yanazunguka sana kwenye simu: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, karibu kikombe 1 cha maji yanayoongezwa kidogo kidogo, kijiko 1 cha mafuta. Yanafanya kazi. Lakini unga ni chakula, na chumvi nyingi kiasi hicho ni sumu kwa mtoto mdogo akiumeza. Wengine hujaribu unga wa muhogo, ambao kwa maji baridi haushikani kabisa, unapasuka vipande. Udongo wa kichuguu ni bora na ni bure.

Chimba kwenye kichuguu kilicho mbali na choo, zizi na mahali wanapokojoa wanyama. Twanga, chekecha kwa kipande cha chandarua kisichotumika, loweka usiku kucha kwa maji yanayoufunika tu. Asubuhi mwaga maji ya juu na ukande kwa dakika kumi. Ukinata vidoleni una maji mengi, utandaze juu ya ubao kivulini kwa saa moja. Ukipasuka kando unapoviringishwa, lowesha viganja na ukande tena. Uhifadhi ndani ya kitambaa kibichi kwenye ndoo yenye mfuniko.

Mtoto wa miaka 2 atauponda na kuuchoma kwa vidole. Wa miaka 3 ataviringisha nyoka. Wa miaka 4 atafinyanga mtumbwi, chungu, hata chanja ya dagaa, na mikono inayofanya hivyo inajiandaa kushika penseli. Usimuulize "hiki ni nini?" kwa sauti ya mtihani, sema unachokiona, "umekifanya kirefu," naye ataendelea mwenyewe. Mikono ioshwe kwa sabuni baadaye, na kucha zikatwe. Aliye chini ya miaka 2 hula udongo, asipewe.

Wa kutunga shanga kuanzia miaka 3 wapewe mabua ya majani ya mpapai, yana tundu katikati. Yakate vipande vya sentimita 5, yaanike siku mbili utomvu mweupe ukauke kwa sababu huwasha ngozi, kisha wayatunge kwenye kamba ya kiatu. Wasivae shingoni.

Nani acheze naye

Mchana, mama akiwa shambani au kwenye kuanika dagaa, anayebaki na mtoto mara nyingi ni dada yake wa miaka minane au tisa. Huyo ndiye wa kufundishwa kipimo cha mrija wa boksi, kumwaga maji ya beseni, na kutomwacha mdogo wake peke yake. Baba mvuvi wa dagaa naye ana nafasi: usiku wa mbalamwezi taa hazivuti samaki vizuri, na siku hizo akiwa nyumbani, robo saa ya kugongesha chupa mkekani inatosha kabisa.

Kayamba lina kazi moja zaidi. Mtoto wa miezi 9 hupelekwa kliniki kwa chanjo ya surua-rubela. Kabla ya siku hiyo, mtu mmoja amchezeshe kwa mbele huku mwingine akitikisa kayamba nyuma yake, pembeni kidogo, asikoona kivuli wala mkono. Rudia pande zote mbili, siku tofauti, akiwa ameshiba na hana mafua. Asipogeuka kabisa, mwambie muuguzi siku ya chanjo, na utaje ni upande upi.