Wastani wa kitaifa si bei elekezi

Juzi sokoni nilisimama nyuma ya kijana aliyekuwa akinunua maharage. Mama muuzaji ameshapima kilo mbili, anataka kumimina mfukoni, kijana akamsogezea simu usoni: "Mama, wastani wa taifa huu hapa. Mbona wewe umezidisha?" Mama hakubishana. Alichukua kopo lake, akayarudisha maharage guniani. "Nenda kanunue huko kwenye wastani, mwanangu."

Nimelisikia neno hili likitumiwa hivyo mara nyingi mno. Wastani wa kitaifa wa bei, katika hesabu yake nyepesi, ni bei za masoko yaliyochunguzwa zikijumlishwa, kisha zikigawanywa kwa idadi ya masoko hayo. Bei ya mkoa ukiilinganisha nao, unajua mkoa uko juu au chini kwa kiasi gani. Basi.

Kinachotukwaza ni neno lenyewe. Limetoka kwenye Kiarabu, wasat, yaani katikati, nasi tukalipa sifa njema. Mtu wa kimo cha wastani si mrefu si mfupi; mwenye maisha ya wastani hana makuu wala halali njaa. Barazani, wastani ni kile kisichopita kiasi. Kwa hiyo tukisoma kwamba bei ya Dar es Salaam iko "juu ya wastani", masikio yetu yanasikia "imepita kiasi", na kutoka hapo kuna hatua moja tu kufika kwenye "tunaibiwa". Lakini wastani wa hesabu hausifu wala haulaumu. Maadamu bei hazilingani, lazima wawepo walio juu yake na walio chini yake.

Tuseme, kwa mfano tu, gunia la mahindi la kilo 100 ni shilingi 60,000 Sumbawanga, 70,000 Songea na 110,000 Dar. Wastani ni 80,000. Sasa nionyeshe soko mojawapo kati ya hayo matatu ambako gunia linauzwa 80,000. Halipo. Na gunia la Dar limelipiwa nauli ya lori kutoka Nyanda za Juu Kusini, ushuru wa mazao, na wabeba mizigo wa kupakia na kushusha. Mahindi ya Sumbawanga yanauzwa karibu na shamba.

Tena hesabu hiyo imeuchukulia mkoa wa Rukwa, iliko Sumbawanga, wenye watu milioni 1.54 kwa sensa ya 2022, kuwa sawa na Dar yenye milioni 5.38. Mpe kila mkoa uzito wa watu wake, Ruvuma, iliko Songea, ikiwa na milioni 1.85, na wastani unapanda hadi karibu 93,000. Bei ni zilezile, hakuna gunia lililoongezwa hata senti. Dar iliyokuwa juu kwa asilimia 37.5 sasa imezidi kwa asilimia 18 hivi. Kabla ya kumshutumu mtu kwa wastani, uliza umepatikanaje.

Bei ambayo muuzaji hapaswi kuivuka ina jina lake: bei kikomo. EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti huduma za nishati na maji, huitangaza kila mwezi kwa petroli, dizeli na mafuta ya taa, na kituo kikiizidisha kimevunja sheria. Hata hiyo hutangazwa mji kwa mji, na kikomo cha Mwanza huwa juu ya cha Dar kwa sababu mafuta yamesafirishwa kutoka bandarini. Kenya ni vivyo hivyo: Mandera hailipi bei ya Mombasa. Bei elekezi nayo hutolewa na serikali ili kuongoza soko, kama ilivyowahi kufanyika kwa sukari. Wastani haukutolewa kumwongoza mtu. Umehesabiwa baada ya watu kuuziana.

Jedwali la kwenye simu ya kijana, nililiona, lilikuwa la bei za jumla, kwa gunia la kilo 100. Mama anauza rejareja, kwa kilo. Kijana angeweza kumuuliza hivi, na nadhani maharage yasingerudi guniani: "Mama, naona huku mkoani kwetu maharage yako juu ya wastani wa nchi. Haya yako yametoka wapi?"