Bia nyeusi si lazima iwe kali

Kwenye matamasha ya bia za msimu wa baridi utamwona mtu akiikwepa glasi nyeusi na kuchukua ya rangi ya dhahabu, eti aanze na nyepesi. Imani kwamba bia nyeusi ndiyo yenye kilevi kingi ni ya siku nyingi, lakini rangi haisemi hivyo.

Weusi hutokana na nafaka iliyokaangwa, mara nyingi shayiri, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200, mpaka ikanukia kama kahawa. Na huwekwa kidogo tu. Sehemu kubwa ya nafaka kwenye pipa huwa ni kimea cha kawaida, cheupe. Kilevi chenyewe kinaletwa na hamira inapokula sukari ya kimea. Sukari ikizidi, kilevi nacho kinapanda, iwe bia ni nyeusi tii au inang'aa kama asali.

Guinness ya Draught, ambayo ni nyeusi, ina kilevi cha asilimia 4.2. Duvel ya Ubelgiji, ya rangi ya dhahabu na povu zito jeupe, ina 8.5. Mara mbili!

Kilichochochea imani hii, nadhani, ni stauti, yaani bia nyeusi, zile nzito za majira ya baridi, ambazo nyingine hupita asilimia 10. Hizo ni kali kweli, ila kwa sababu zimejazwa kimea. Basi kabla ya kunyoosha glasi, soma asilimia iliyoandikwa kwenye kibao cha bomba.