Saba Saba ya Lumumba na Saba Saba ya Kamukunji

Nafundisha historia ya siasa za Afrika Mashariki, na kila Julai inapokaribia wanafunzi huniuliza: hivi Saba Saba, yaani tarehe 7 Julai, ni ya nani? Mtanzania ukimtajia tarehe hiyo, mawazo yanamwendea viwanja vya Barabara ya Kilwa, kwenye maonyesho ya biashara. Mkenya anakumbuka vitoza machozi. Mpenzi wa Kiswahili anaitaja UNESCO. Mimi huwaambia waanze na suala la chama kimoja, maana ndilo linalozifunga Saba Saba za Tanganyika na Kenya pamoja, tena kwa namna ya kusisimua.

Tarehe 7 Julai 1954, wajumbe wa Tanganyika African Association (TAA) walikutana Dar es Salaam, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, wakakigeuza chama chao kuwa Tanganyika African National Union (TANU). Waasisi wanaohesabiwa ni 17. Julius Nyerere, aliyekuwa rais wa TAA tangu 1953, ndiye anayejulikana na wote, lakini naomba msomaji asiishie hapo. Walikuwepo ndugu wawili Abdulwahid na Ally Sykes, Dossa Aziz na John Rupia, watu wa mjini waliokuwa wamekwisha kukijenga chama. Alikuwepo Japhet Kirilo, aliyekuwa amekwenda Umoja wa Mataifa kuwatetea Wameru walionyang'anywa ardhi. Alikuwepo pia Saadani Kandoro, mshairi. Mkulima, mfanyabiashara, mwalimu na malenga walikaa chumba kimoja, na lugha iliyoweza kuwabeba wote mpaka vijijini ilikuwa Kiswahili.

Uhuru ulipatikana 9 Desemba 1961. Kisha Katiba ya Muda ya 1965 ikaifanya TANU kuwa chama pekee Tanzania Bara, huku Zanzibar ikibaki na Afro-Shirazi Party (ASP). Vyama hivyo viwili viliungana 5 Februari 1977, ikazaliwa Chama Cha Mapinduzi (CCM). Kwa hiyo kwa miaka mingi, siku ya kuzaliwa TANU, yaani Saba Saba, ilikuwa pia sikukuu ya taifa, ikiadhimishwa kama siku ya wakulima.

Kenya nayo ilifika huko huko kwa njia yake. Juni 1982 bunge liliingiza kifungu cha 2A katika katiba, chama tawala cha KANU kikawa chama pekee kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1988 ukaja uchaguzi wa mlolongo: mpiga kura anajipanga nyuma ya mgombea wake, kila mtu anamwona. Mei 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia, wote wawili mawaziri wa zamani, walijitokeza hadharani kudai vyama vingi, wakaitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, siku ya Jumamosi 7 Julai. Serikali ikakataa kutoa kibali, na siku chache kabla ya mkutano wakawekwa kizuizini. Watu walikwenda vivyo hivyo. Polisi wakawatawanya, ghasia zikaenea hadi miji mingine na kuendelea kwa siku kadhaa. Watu wakauawa, na zaidi ya 1,000 wakakamatwa. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991.

Mwaka huo huo wa 1990, Nyerere mwenyewe, akiwa bado mwenyekiti wa CCM, alisema waziwazi kwamba mfumo wa chama kimoja si kitu kitakatifu kisichojadiliwa. Tume ya Jaji Francis Nyalali ikazunguka nchi nzima kukusanya maoni ya wananchi kuhusu suala hilo. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, lakini Tume ikapendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa 1992. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa. Nchi hizi mbili zilifika mahali pamoja karibu wakati mmoja, moja kwa tume na nyingine kwa damu. Siku ya wakulima ya Tanzania ilihamishiwa Nane Nane, yaani 8 Agosti, na Saba Saba ikabaki na maonyesho.

UNESCO ilipoitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, Novemba 2021, ilirejea ile siku ya 1954. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao ulianza kutumika 7 Julai 2000. Sherehe hizo nazipenda, ila zinanipa wasiwasi zinapoisahau Kamukunji. Tarehe 7 Julai 2025, vijana wa Kenya waliandamana kuukumbuka mwaka 1990, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu nchini humo ikahesabu vifo zaidi ya 30.

Ningependa makongamano ya Siku ya Kiswahili yatenge walau kikao kimoja cha kusoma mashairi ya Kandoro, na kingine cha kuwasikiliza waliokuwepo Nairobi Jumamosi ile, maana wengi wao bado wako hai na Kiswahili wanacho.