Roboti wa kwanza jukwaani hakuwa wa chuma

Hapa Katuba, Lubumbashi, ninapofundisha teatre, kijana akiambiwa acheze mashine hukakamaza shingo na kutembea kama aliyefungwa mbao miguuni. Anaamini roboti ni chuma kinachotembea, basi.

Neno lenyewe lilizaliwa jukwaani. Ni katika R.U.R., mchezo wa Mcheki Karel Čapek uliochezwa Prague mwaka 1921. Nduguye Josef ndiye aliyempa jina hilo, kutoka robota, kazi ya shuruti ambayo mkulima alimfanyia bwana wa shamba. Roboti wake hawana bolti hata moja. Mwili wao hukandwa kama unga, mishipa husokotwa kama uzi. Ukikutana na mmoja njiani utamsalimia. Wameumbwa wafanye kazi tu, wasitamani kitu. Wanapoasi wanaua watu wote, wanamwacha Alquist peke yake, mjenzi, kwa sababu anafanya kazi kwa mikono kama wao.

Babu yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba. Hadi uzeeni alikumbuka namba yake ya kazi upesi kuliko siku aliyozaliwa. Ndiyo maana nawaambia vijana: legeza shingo, cheza mtu asiyeruhusiwa kuchoka.

Wengine husema mashine jukwaani zimekuja na kompyuta. Sivyo. Wagiriki walikuwa na winchi ya kuwaning'iniza miungu hewani zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Katika mchezo wa Aristophanes wa mwaka 421 KK, mtu anaruka juu ya mende mkubwa wa mavi, mara anamsihi fundi wa winchi awe mwangalifu. Nakipenda mno kipande hicho, maana mtu aliyeshika kamba naye anaingia mchezoni.

Na hofu kwamba mashine itamfukuza mwigizaji? Mwaka 2010 Mjapani Oriza Hirata alimpandisha jukwaani Geminoid F, roboti mwenye sura ya mwanamke, katika Sayonara. Sauti yake ilikuwa ya mwigizaji aliyeketi nyuma ya jukwaa.

Sisi hatuna roboti, na umeme hukatika. Jumamosi iliyopita yule kijana alilegeza shingo. Akabeba magunia yasiyokuwepo, moja baada ya jingine, bila kumtazama yeyote. Mama anayeuza mikate mlangoni akaacha biashara yake, akamletea maji.